Matumbo ya Sponji

Mimi nashona. Magauni, mapazia, sare za shule, na matumbo. Usicheke. Tumbo langu lina ngozi ya mpira, nyama ya sponji ya godoro, na ndani kuna mrija uliojaa maji mekundu. Dada yangu ni daktari wa upasuaji, na wanafunzi wake hukata hayo matumbo kabla ya kugusa la mtu. Wenzake hospitalini wakambatiza Daktari Sponji, wakidhani atanuna. Yeye akaliandika jina hilo kwa chaki mlangoni pake, herufi kubwa.

Dada mwenyewe alifundishwa kwa kelele. Enzi zake mwanafunzi alisimama pembeni akitazama, halafu siku moja anakabidhiwa kisu, na akitetemeka anatukanwa mbele ya manesi hadi asahau jina la mama yake. Alipopewa kufundisha, alikwenda kusoma vitabu vya jinsi mtu anavyojifunza, akarudi na msimamo usioyumba. Mtu hajifunzi kwa kutazama tu, wala kwa kuogopa. Hutenda, hukosea, hukaa chini akajiuliza kwa nini, kisha hujaribu tena. Watu wakamrushia ule msemo kwamba kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Akawajibu kuwa huo wauweke kwenye chumba cha upasuaji. Chumbani kwake, kile cha mazoezi, kosa hurudiwa mpaka mtu alijue na ukoo wake. Na sheria ilikuwa moja: mwanafunzi akikwama, hakuna kumnyang'anya kifaa. Mikono nyuma, mdomo kimya, hadi yeye mwenyewe aombe msaada.

Mkuu wa upasuaji, bingwa kweli wa kazi yake, simnyimi haki hiyo, aliuona huo wote ni mchezo wa watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye, ndiyo ilikuwa hoja yake kila kikao. Chumba alikitaka kiwe stoo ya vitanda vibovu. Akasema atakuja kutazama mara moja tu, kisha aamue.

Siku hiyo nilikuwa nimeleta mzigo mpya wa matumbo, nikabaki. Ningeondokaje na roho iko juu? Mezani alisimama daktari mchanga, binti mpole ambaye muda si mrefu angempasua mtu kweli. Akaanza vizuri. Halafu, lo, kisu kikapitiliza, mrija ukapasuka, maji mekundu yakamwagika hadi kwenye viatu vyake. Akabana, kibanio kikateleza. Akabana tena, wapi! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kana kwamba nimekata mimi.

Mkuu akasonya, akanyoosha mkono amnyang'anye kibanio. Dada akaingia katikati, mkono ukamgonga yeye begani.

"Mikono nyuma, Mkuu."

Sidhani kama kuna aliyewahi kumwambia hivyo tangu avae koti jeupe. Uso ukamwiva. Akasema, bila kupaza sauti, kwamba mgonjwa huyu ameshakufa, na chumba hiki kifungwe leo leo.

"Ndiyo, amekufa," Dada akasema. "Amefia hapa, na hana mama wa kumlilia. Wako wa kwanza alifia wapi?"

Jamani. Nimekua na huyu mwanamke, tumelala kitanda kimoja utotoni, lakini siku hiyo nilimwogopa, na nilimwonea fahari hadi machozi yakanilenga. Hapo binti, ambaye hakuwa ameinua kichwa hata kidogo, akasema taratibu kwamba ameelewa. Alikuwa anabana chini ya tundu, kumbe damu inatokea juu. Akahamisha kibanio, maji yakakatika.

Mkuu aliinama akautazama ule mkono wa binti.

"Mezani," akasema. Alikuwa anamjibu Dada. "Fundi viatu mmoja, mtu wa makamo. Mwalimu wangu alininyang'anya kibanio, akanifukuza nje. Mpaka leo sijui nilikosea wapi."

Nilidhani Dada atalegea, angalau ampe pole. Hakumpa. Alichukua tumbo lingine kwenye mzigo wangu, akaliweka mezani mbele yake, akamwelekezea mpini wa kisu.

"Haya, Mkuu," akasema. "Tuonyeshe pale ulipokatishwa."

Mkuu akavua koti.