Faili la Bi Salma halihami Kikwajuni

Leo nimemdanganya mkuu wangu kwa sababu ya faili moja.

Ofisini kwetu karani mwenzangu Bi Salma aliyapanga mafaili yote ya watu kwa mitaa. Akisema mtu hapotei mtaani kwake.

Tangu Mapinduzi, wa zamani nimebaki peke yangu. Mkuu mpya anataka yapangwe kwa herufi, na ya waliohama yatiwe kwenye boksi lao.

Basi nikafungua droo ya Kikwajuni, mtaa wetu.
Faili la Bi Salma mwenyewe limebanana na langu, kama nyumba zetu.

"Huyu si keshahama?" akauliza mkuu. "Mtie boksini."

"Naam."

Alipotoka tu, nikalirudisha palepale.

Mnicheke mkitaka. Nyumba yake ina kufuli, lakini kwenye droo bado nna jirani.