Kitabu Nilichomsifia Binti wa Mwenye Duka

Wiki mbili zilizopita walikuja nyumbani kwangu walimu wawili vijana wa sekondari ya hapa mtaani. Wamefungua chumba cha vitabu, na waliposikia kwamba mie nilifundisha miaka mingi, wakaomba niende nikawaambie watoto wa kidato cha pili wasome riwaya zipi. Nikakubali. Walipoondoka nilichukua kalamu, nikaandika jina la kitabu cha kwanza, kisha nikalikata. Usidhani ni uzee, rafiki yangu. Mkono huu husita hivyo tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kila ninapotaka kumwambia mtoto, "Soma hiki, utakipenda."

Tulikuwa tunakaa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati ukipita nyumba nne tano tu uko kwenye mihogo na mikorosho. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, nyingine za makuti, nyingine zimeezekwa madebe yaliyokunjuliwa, na jua likipanda unayasikia yakilia ta, ta, ta, kama mtu anayegongagonga kwa kidole. Baba alikuwa karani bandarini. Tulikuwa watu wa bara, na mama hadi siku ya mwisho alitamka Kiswahili chake kwa lafudhi ya milimani. Asubuhi nilifagia uwanja, nikachota maji bombani, ndipo nikaenda shule na kipande cha muhogo wa kuchemsha mkononi, bado kinafuka moshi.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mmoja mwanamke, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokufanya uache kupumua ili umsikie. Alikuwa na kabati lililotengenezwa kwa masanduku ya majani ya chai, na ukilifungua harufu ya chai ilikuwa bado imo. Humo mlikuwa na vitabu vya hadithi, havifiki arobaini. Mwalimu hakuvigawa ovyo. Alikutazama usoni kwanza, kama mtu anayekupima nguo, halafu akanyoosha mkono na kukutolea kimoja. Ijumaa, kabla ya kwenda nyumbani, kila aliyemaliza chake alisimama mbele na kuwaambia wenzake kwa nini nao wakisome. Tuliita kusifia kitabu. Sheria ilikuwa moja: usisifie usichokimaliza.

Mie nilikuwa hodari wa kusifia. Wenzangu waligombania kitabu nilichokisema, na sifa hizo zilinilevya.

Jirani yetu alikuwa mwenye duka, Mwarabu aliyezaliwa hapahapa, baba yake na babu yake walizaliwa hapahapa. Kwake tulinunua sukari, mafuta ya taa, chumvi, na siku ya Idi alituletea halua kwenye kisahani. Alikuwa mtu mkimya, ndevu zimechongwa vizuri, na sie watoto tulimwogopa bila sababu tunayoweza kuitaja. Binti yake alikuwa wa umri wangu, tulisoma darasa moja mpaka alipovunja ungo. Hapo akatawishwa. Hakutoka tena ila kwa buibui na bibi yake, mama yake mwenye duka, kwa kuwa mama mzazi alifariki zamani. Sie tulizungumza kwenye dirisha la nyuma lenye vyuma, mie nimesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, yeye ndani akichambua mchele. Siku moja akaniambia ameposwa na mtu mzima mwenye minazi Kigamboni, na kwamba habari hiyo aliisikia kwa bahati tu, nyuma ya pazia. Aliisema huku anatupa mawe ya mchele sakafuni, moja moja.

Wiki hiyohiyo mwalimu alikuwa amenipa riwaya nyembamba yenye jalada la kijani, kurasa za mbele zimeng'oka hata jina la mwandishi halijulikani. Ilihusu msichana aliyeposwa bila kuulizwa. Nilikuwa nimefika katikati tu, lakini nilishikwa na hamu ya kuwa mie ndiye niliyempa. Nikakipitisha kitabu kati ya vyuma. Nikamwambia, "Soma hiki. Ni wewe kabisa."

Siku nne baadaye aliniita dirishani. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kusoma. Akaniuliza, "Mtu akiifuata reli kwa miguu, Pugu anafika lini?" Nikamjibu kwamba akitoka alfajiri, jioni atakuwa amefika. Sikufikiri kitu. Nilifurahi tu kwamba kitabu kimemkolea.

Alhamisi asubuhi nilisikia kilio cha bibi yake. Si kilio cha msiba, kilikuwa cha mtu anayeita jina na kungoja kuitikiwa. Binti hayumo chumbani, buibui halipo, mlango wa uani uko wazi. Mama alisimama na mwiko wa uji mkononi, nami nikajificha nyuma yake.

Wanaume wa mtaa wakamtafuta. Wakaangalia visima kwanza, na hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kuona watu wazima wameinamia kisima kimoja baada ya kingine na kuangaza chini kwa kipande cha kioo. Wengine wakaenda mashambani, wengine wakavuka Kigamboni kuuliza kwa ndugu. Askari polisi wawili wakaja wakaandika kwenye daftari. Watu wakasema ameibwa. Wakasema mumiani. Mchana watoto wote tulifungiwa ndani.

Mie nilijua kitu, na sikukisema. Nataka nikuambie ukweli kwa nini. Niliogopa fimbo ya baba, hiyo ni kweli. Niliogopa kwamba mwalimu atafukuzwa na kabati litachomwa moto. Lakini kulikuwa na hofu nyingine iliyonibana zaidi: nikisema, watamleta na kumwoza, na yeye atajua nani alimtaja. Nisiposema, labda yuko porini amevunjika mguu. Kila nilipoamua hivi, hofu ya pili ilinigeuza. Ijumaa shuleni mwalimu aliuliza nani anasifia kitabu, nami nikainamia dawati. Akamwita mwingine. Nyumbani sikuweza kula. Mama alidhani ni homa akanichemshia mwarobaini, nikaunywa wote bila kukunja uso, maana niliona nimestahili.

Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri mwenye duka alibisha kwetu. Mkononi alikuwa na kitabu cha kijani. Aliamkiana na mama kwa heshima, kisha akasema amekikuta chini ya godoro la binti yake. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu, hizi za Kizungu hazijui. Angeweza kumwita karani yeyote, lakini hakutaka mwanamume asome mambo ya binti yake. Akamwomba mama niende nikamsomee. Mama akanisukuma mgongoni taratibu. Hakujua kwamba ananisukuma kwenye moto.

Duka lilikuwa limefungwa. Mwanga uliingia kwenye nyufa za mbao, na harufu ya karafuu na mafuta ya taa ilikuwa nzito. Mwenye duka alikaa kwenye gunia la mchele. Nyuma ya pazia bibi alikuwa ameketi mkekani, nikiona miguu yake tu na shanga za tasbihi. Nikaanza kusoma. Sauti yangu mwenyewe ilikuwa ngeni kwangu. Nilisoma jinsi msichana alivyoposwa, jinsi alivyoisikia habari ile akiwa nyuma ya mlango, jinsi baba yake alivyokaa na wageni wakinywa kahawa bila kumwita. Kila nilipotua, mwenye duka alisema, "Endelea." Kurasa nilizozijua zikaisha, nikaingia zile ambazo sikuwahi kuzifikia.

Hapo ndipo jicho langu lilipotangulia mdomo. Chini ya ukurasa niliona msichana anaondoka alfajiri, anaifuata reli, anakwenda kwa mama yake mdogo. Nikalowesha kidole, nikageuza karatasi mbili pamoja, nikasoma kutoka mbele.

"Umegeuza mbili," akasema mwenye duka.

Hakupandisha sauti. Herufi hazijui, lakini maisha yake yote alikuwa akifunga sukari kwenye karatasi, na masikio yake yalijua sauti ya karatasi moja.

Nikarudi. Nikausoma ukurasa ule wote, machozi yakidondoka juu yake. Nilipofika kwenye reli nikashindwa, nikakiweka kitabu magotini na kusema, "Baba, aliniuliza njia ya Pugu. Mie ndiye niliyempa kitabu. Nilimwambia ni yeye kabisa."

Nilifumba macho kungoja kofi. Halikuja. Nikasikia shanga zimeacha kugongana nyuma ya pazia, na bibi akamwambia mwanawe, "Mwanangu, yule mama aliyemnyonyesha mtoto baada ya mama yake kufariki, si yuko Pugu?"

Mwenye duka akasimama. Akachukua kofia yake msumarini, kisha, badala ya kwenda, akanigeukia. "Mwisho wake ikawaje?"

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Sijui kwa nini sikudanganya wakati ule. Nadhani niliishiwa uongo. Nilisoma kwamba msichana, baada ya miezi, alirudi kwao akakuta mlango umefungwa kwa kufuli lililoota kutu. Baba yake alikufa njiani akimtafuta. Alikaa kizingitini mpaka majirani walipomwambia aondoke. Kitabu kiliishia hapo. Mwenye duka alisikiliza akiwa amesimama, kofia mkononi, akaitia kichwani, akatoka. Nikasikia akimsimamisha mtu wa lori la mkaa barabarani.

Alirudi naye asubuhi iliyofuata. Amembeba mwenyewe kutoka kwenye lori, msichana mkubwa yule, miguu inaning'inia kama ya mtoto, nyayo zimepasuka kwa kokoto za reli. Alikuwa na homa kali tangu siku aliyofika, na yule mama aliyemnyonyesha alikuwa mzee peke yake, hana wa kumtuma. Mganga wa zahanati alisema angechelewa siku moja zaidi wangemletea maiti. Nililisikia neno hilo nikiwa nimejibanza nyuma ya mama, na mpaka leo nikilikumbuka hukaa kitako.

Jumatatu mwenye duka akaja shuleni. Nilimwona kupitia dirishani, kanzu nyeupe, kitabu kimefungwa kwenye gazeti kama kilo ya sukari, nikajua kabati limekwisha. Mwalimu naye alijua, maana alisimama mbele yake kama mtu anayezuia mlango. Mwenye duka alimpa kitabu. Akamwuliza kama kabatini mna kingine ambacho mtu mwenye homa anaweza kukisoma bila kuumia. Mwalimu alipitisha vidole juu ya migongo ya vitabu vyote, akavitoa vitatu, akarudisha viwili. Aliporudi kwenye kiti chake niliona jasho limelowesha kola ya gauni lake.

Jamaa wa Kigamboni walisikia kwamba msichana amelala nje, wakaivunja posa. Mwenye duka hakuwafuata. Alipoulizwa, alisema binti yake anaumwa, na aliendelea kusema hivyo hata baada ya binti kupona, mwaka mzima na zaidi. Baadaye sana binti aliolewa na fundi saa aliyemchagua mwenyewe, kijana mpole wa Kariakoo.

Lakini kabla ya hayo, siku ya kwanza niliyoruhusiwa kumwona rafiki yangu, nilimkuta amelala kitandani chini ya chandarua, amekonda, midomo imebanduka. Bibi alikuwa akimpepea. Nilitaka kuomba radhi. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema hakukimaliza kitabu. Alifika pale msichana anapoingia kwa mama yake mdogo, akaona inatosha, akaondoka. Akanishika kidole. "Nisimulie. Mwishowe ikawaje?"

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nilimtazama. Yeye pia alinitazama, na kwenye macho yake niliona hofu ileile iliyonitafuna mie siku zile zote, ila yake ilikuwa kubwa, ya mtu mzima.

"Alirudi kwao," nikasema. "Baba yake akamfungulia mlango."

Mwenye duka aliinamisha kichwa. Akaingia, akaweka uji kando ya kitanda, akarudi dukani, tukasikia mawe ya mizani yakigongana.

Nimepita pale mwaka huu. Dirisha lenye vyuma halipo, duka halipo, mikorosho imekatwa yote na mahali pake pana ghorofa na watu wanaouza simu. Shule imehamishwa. Mwalimu alirudi kwao bara kabla ya Uhuru, na kabati nilisikia liliingiliwa na mchwa. Bibi na mwenye duka wamezikwa siku nyingi. Yule rafiki yangu wa dirishani aliishi mpaka akawa na wajukuu, na kwa miaka hamsini tulipeana vitabu, yeye akisoma kwa miwani nene na kunirudishia na kashata ndani ya bahasha. Alifariki masika yaliyopita.

Kitabu kile cha kijani kilichapishwa tena tukiwa watu wazima, kwa jalada jingine, na kiliuzwa mjini kila mahali. Sijui kama aliwahi kukinunua akakimaliza. Sikumwuliza, na yeye hakunitajia.