Mpea wa Mzee Erupe

Mzee Erupe wa Lodwar alipostaafu kuendesha malori ya samaki kutoka Kalokol, aligundua kwamba kwake kuna kila kitu isipokuwa pahali pa kukaa. Nyumba ilikuwa ya mabati, ndani joto la kuokea mkate, na nje hakukuwa na hata kichaka. Asubuhi alijibana kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi. Ikifika saa sita kivuli kinamwishia miguuni, naye anabeba kigoda chake kwenda kwa jirani.

Jirani alikuwa Mwalimu Wekesa, mtu wa Bungoma aliyekuja kufundisha akazeekea hapa hapa, mwenye mwarobaini mkubwa uani. Kivuli chenyewe hakikuwa cha bure. Erupe alilazimika kusikiliza habari zote za tumbo la Mwalimu, na kila mara aliambiwa, "Mzee Erupe, sogea kidogo, kuku wapite." Mtu aliyepishwa njia na mabasi, leo anampisha kuku! Ilimuuma kweli. Alitaka kuzeeka chini ya mti wake mwenyewe, basi.

Mwarobaini hakuutaka, angeonekana anaiga. Alitaka mti wa kivuli na matunda, na roho yake ilikwisha kuangukia mpea. Zamani alipeleka mzigo Limuru, akapewa pea, lile tunda lenye shingo nyembamba na tumbo kubwa, na maji yake yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Mkewe Namuria alimuuliza kama huko Limuru alivaa koti. Akakiri kwamba alivaa. Namuria akamwonyesha jua la Lodwar.

Wauza miche wa Lodwar walimcheka waziwazi. Akapanda gari hadi Kakuma, alikoambiwa kuna Mkongomani mmoja, Mama Sifa, anayeotesha miti ya kila aina kwenye makopo nyuma ya nyumba yake katika kambi ya wakimbizi. Erupe akaomba mpea.

"Mpera? Iko, Papa," akasema Mama Sifa. "Iko muti muzuri. Kivuli iko, matunda iko."

Ile herufi r ya katikati Erupe aliisikia vizuri kabisa. Lakini kwa kuwa mama huyu alisema muti na muzuri, aliona ni desturi ya Wakongomani kuyanenepesha maneno. Akaupakata mche hadi Lodwar, na kila abiria aliyeuliza alijibiwa kwamba huo ni mpea, mti wa Limuru.

Aliuzungushia ua wa miiba kwa ajili ya mbuzi, akaamuru nyumba nzima ioge karaini ili maji yasipotee. Na kwa kuwa mpea ni mti wa baridi, kila mchana alikaa kando yake akiushikia mwavuli. Mche ukastarehe, utosi wa mzee ukaungua. Namuria alitoka akamtazama kwa muda.

"Baba Abei," akasema, "ulitaka mti uwe kivuli chako. Sasa wewe ndiye kivuli chake."

Erupe akaukaza mwavuli. Mkono ulikuwa umekufa ganzi na hakutaka mkewe ajue.

Mwalimu Wekesa naye alikuja kuuona. Alifikicha jani, akalinusa, akausifu sana mti na kumhimiza mzee asichoke. Kesho yake akaleta karai zima la samadi. Erupe alishangaa, maana jirani huyu hakuwahi kumpa hata chumvi.

Misimu ikapita, mti ukapita kichwa cha mtu, ukapita paa. Ukatoa kivuli cha kigoda kimoja, kisha cha viwili, na Erupe akaacha kwenda kwa jirani. Halafu ukazaa. Matunda yalikuwa ya mviringo, hayana shingo. Erupe akawaambia watu kwamba shingo huja na umri.

Siku moja Wekesa alikuja, akaketi, akaokota moja la manjano lililodondoka na kuling'ata. Ndani lilikuwa jekundu, limejaa vimbegu.

"Pera tamu hili," akasema.

"Pea," akasema Erupe.

"Pera, mzee. Kwetu kila boma lina mti huu. Niliujua tangu siku ile niliponusa jani."

Uso wa Erupe ulimwaka kwa haya. Lodwar nzima ilikwisha kutangaziwa mpea. Akauliza, kwa sauti ya chini, mbona basi Mwalimu hakumwambia.

"Ungeung'oa," akasema Wekesa, huku akiokota jingine. "Halafu ungerudi kukaa kwangu."

Erupe alitazama juu kwenye majani, akatazama kivuli kilivyomfunika hadi kwenye vidole vya miguu, saa sita mchana. Akachukua pera, akalila lote na mbegu zake. Lilikuwa tamu. Kuku wa Namuria walikuwa wanakuja wakiparura vumbi.

"Mwalimu," akasema, "sogea kidogo, kuku wapite."