Muhtasari wa Mkalimani

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kwa muhtasari," damu inanichemka.

Mama yangu alikuwa na nyumba ya udongo karibu na Msimbazi, aliyojengewa na marehemu baba enzi za Mjerumani. Siku moja tukakuta amri mlangoni: nyumba ibomolewe, kiwanja kinatakiwa na serikali. Mama akaitwa bomani, nami nikamsindikiza. Nilikuwa mwalimu wa shule, Kiingereza nakijua.

Mama alisimama mbele ya meza ya Mzungu akaeleza yote. Kwamba hati ya kiwanja anayo, ina muhuri wa Mjerumani, imo sandukuni. Kwamba baba aliipata kabla hajachukuliwa kubeba mizigo ya vita, asirudi. Kwamba majirani wote wanateka maji kisimani pake. Alisema kwa utaratibu, bila kulia. Mkalimani, kijana wa pwani mwenye kanzu safi, akamgeukia Mzungu akatamka sentensi moja tu: mwanamke huyu hataki kuhama.

Nikainuka, nikasema kwa Kiingereza, "Hakusema hivyo! Amesema ana hati!"

Mzungu akanitazama kama niliyetema mate sakafuni. Akaniamuru nikae, akatia saini.

Tulipotoka nje nilimkamata mkalimani kanzu kifuani. "Hati umeipeleka wapi?"

"Mwalimu, bwana mkubwa hana wakati. Nimempa muhtasari."

"Muhtasari! Chuoni hukusoma wewe? Muhtasari ni kupunguza maneno, maana ibaki nzima. Wewe maana umeitupa, ukamtia mama yangu jeuri asiyokuwa nayo!"

"Niachie kanzu yangu," akasema.

Mama ndiye aliyenivuta mkono.

Kesho yake tulirudi na hati. Karani hata hakuifungua. Shauri limekwisha, akasema. Nyumba ikabomolewa siku ya Ijumaa, wanaume tuko msikitini. Niliporudi nilimkuta mama ameketi juu ya sanduku lake, barabarani, vumbi mpaka kwenye kope.

Nikamhamishia kwangu Kariakoo. Huyu ndiye mama ambaye zamani akisimulia alivyokwenda kununua samaki, kisa chake kilianzia pale alipojifunga kanga. Sasa nikimwamkia, "Shikamoo mama," huitika "Marahaba," basi. Umelalaje? Salama. Tukuletee nini sokoni? Chochote. Mke wangu alisema ni uzee. Nilimkaripia, wala hakuwa na kosa.