Soksi za Marehemu

Kuna siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na kila nikikuona umeinamia simu unacheka peke yako, inanirudia.

Nilikuwa kijana bado. Nilikuwa nimerudi hapa Dzaleka, kwenye kambi yetu ya wakimbizi Malawi, kutoka Johannesburg na diploma ya elektroniki. Diploma ya kweli, si ile ya kuchapishiwa sokoni. Kule mchana nilifagia saluni za watu, jioni nikaingia darasani, na hakuna mjomba aliyeninunulia hata kalamu. Nilirudi pia na televisheni bapa ambayo wakati ule haikuwa na mwenzake kambini. Hata leo ukienda Lilongwe, waulize mafundi wa simu wakikwama wanampigia nani. Sisemi haya unisifu. Nataka ujue kwamba anayekuonya kuhusu mashine hizi amezifungua mpaka ndani.

Basi akafa jirani yetu, baba Riziki, mtu wa Fizi, Kongo. Mkewe, mama Riziki, alikuwa Mrundi na mwimbaji wa kwaya yetu. Nilidhani hakuna tena aliyejali nani alizaliwa upande gani wa ziwa Tanganyika. Ndugu za marehemu walikuwa wamekwisha kupata safari za ng'ambo, na kama ilivyo kawaida yetu, wakaomba matanga yarushwe moja kwa moja mtandaoni ili nao walie na sisi. Nikaleta televisheni na betri ya sola, nikaifunga chini ya turubai, watu wasome pole za ndugu zao. Simu ya kurushia niliiweka juu ya stuli mbele ya mjane. Yeye alikaa mkekani, miguu ameifunika kwa kikwembe, na kamera ilimwonyesha kuanzia kifuani kwenda juu. Shika hilo, utaona kwa nini.

Pole zikaanza kupanda kwenye kioo. Mungu amulaze pahali pazuri. Pole mama. Kisha mmoja, mwenye jina la kubuni na picha ya simba, akaandika: "Angalia hiyo pua. Huyu haiko mama wa kwetu." Vicheko vikafuata. Mwingine akaongeza: "Alikuja tu kukula nyumba ya ndugu yetu."

Hao wa ng'ambo ndio wanaotuma video kila mara wakilalamika kwamba wazungu wanawabagua, kwamba kwenye basi kiti cha pembeni yao kinabaki kitupu. Nawaamini. Mimi mwenyewe Johannesburg niliitwa majina na watu weusi kama mimi. Lakini mtu aliyedharauliwa asubuhi kwa sababu ya rangi yake, jioni anakaa kwenye kochi kupima pua ya mfiwa. Hapo huruma yangu inakwisha.

Chini ya turubai hakuna aliyesema televisheni izimwe. Televisheni ilikuwa imetuzoeza kukaa mbele ya watu wanaogombana ndani ya nyumba za kifahari, mwanamke analia, nasi tunangoja nani atamjibu. Mama Riziki alikuwa hapo karibu, machozi yake unaweza kuyagusa, lakini shingo zote ziligeukia mama Riziki wa kwenye kioo. Naye alijua kusoma. Alikuwa anasoma pamoja nasi.

"Ngoja," msichana mmoja wa kwaya akamwambia mwenzake, "ule wa simba anaandika tena."

Ikapanda: "Analia bure. Hata soksi za marehemu amekwisha kurithi."

Mama Riziki akaivuta ndani ya kikwembe miguu iliyokuwa imechomoza. Kweli alikuwa amevaa soksi za mumewe, za kijivu. Wilaya yetu hii ya Dowa ilikuwa na baridi, na tena, aliniambia baadaye, zilikuwa bado hazijafuliwa, zina harufu yake.

Hapo akainuka mzee Lubunga, fundi cherehani na mzee wa kanisa. Akavua koti, akaifunika televisheni yangu.

"Simu yako inaonyesha miguu?" akaniuliza.

"Hapana, baba. Kifua tu."

"Basi mutu wa soksi haiko ng'ambo. Iko hapa. Anakula maharagi yetu."

Midomo ikaacha kutafuna.

"Munangojea nini? Mwisho wa filamu? Kila mutu aweke simu yake hapa mbele ya mama."

Yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kutua mkekani. Ya mzee ilifuata, kisimu cha vitufe kilichofungwa kwa mpira. Halafu papa Deo, mwenye duka la chumvi na sabuni, akatoa kicheko cha kukohoa.

"Mzee, simu ni kitu ya mutu mwenyewe. Matanga njo imekuwa kituo ya polisi?"

"Njo vile," sauti zikamuunga mkono. Na ghafla kila mtu akakumbuka sufuria aliyoiacha motoni. Kila aliyetoka alimpa mjane mkono, kwa desturi. Pole, mama. Pole sana, mama. Mkono mmoja kati ya ile ndio ulioandika. Aliipokea yote, na kila uso aliutazama.

Hakurudi kwenye kwaya. Hakununua tena chumvi kwa papa Deo wala kwa mwingine yeyote wa mtaa wetu. Alisalimia watu huku akiangalia mikono yao. Mwishowe alimchukua Riziki wakahamia mji wa Mponela, akauza maharagwe kando ya barabara kuu.

Nilimkuta huko nilipokuwa narudi kutoka kazini. Alinipimia maharagwe, nikamwambia nimeongeza ujuzi, nikitaka naweza kumtafuta yule wa simba mpaka nimpate.

"Umechelewa, ndugu yangu," akasema. "Siku ile mungenipa jina moja, ningesamehe mutu moja. Mukanyamaza. Sasa inanibidi nisamehe kambi nzima, na nguvu hiyo sina."

Akafunga mfuko, akamwita kijana wa kabaza aje anipakie kwenye baiskeli yake. Hakunipa mkono.

Nikapanda baiskeli, maharagwe mapajani.

Mwanangu, usiandike juu ya mtu neno ambalo usingeweza kulisema huku umemshika mkono. Ukiona mwenzako anavuliwa heshima kwenye kioo, kifunike, hata kama kioo ni cha gharama na ni chako. Usisubiri mzee avue koti. Na ukiombwa uiweke simu yako mbele ya aliyeumizwa, iweke. Waliokimbilia sufuria siku ile wanakaa hapa hapa, wanaimba kanisani, na hadi leo wanaangaliana kwa pembe ya jicho.

Mungu akupe ujasiri wa kuandika kwa jina lako mwenyewe. Na siku utakapofiwa, maana itafika, akujalie kushikwa na mikono unayoijua.