Magego Mawili ya Mzee Tsuma

Nikiyakumbuka yale magego mawili ya baba yangu, hasira hunipanda. Yaling'olewa bure!

Mzee Tsuma alikuja kwangu Muyeye kutoka Kaloleni na mfuko mmoja tu. Taya linamuuma, shingo haigeuki, kula hawezi ila uji. Jirani yangu Bi Lubna akasema ni jino. Likang'olewa, maumivu yakabaki. Likang'olewa la pili. Wapi! Akaja mkandaji, akamkanda shingo kwa mafuta ya nazi mpaka baba akatokwa na machozi. Mimi Kahonzi nikasema basi, twende hospitali.

Daktari Moraa alimshika mashavu. "Baba, hebu uma meno." Akabonyeza misuli, mzee akaruka. "Nyumbani unalala vipi?"

Baba akaivuta kofia yake chini. Nikajibu mimi: hulala ameketi, mgongo ukutani, uso mlangoni, meno ameyakaza kama mtu aliyebeba gunia.

"Meno hayana kosa," daktari akasema. "Huyu anaogopa. Unaogopa nini, baba?"

Baba akavua kofia. Nywele nyeusi ti, kazi ya piko, ile rangi ya nywele, na mvi zinachipua chini. Mie alipoanza kujipaka nilimtania kuwa anatafuta mke.

"Kwetu mvi zinaua, mwenye nazo huitwa mchawi," akasema. "Kalume, mtoto wa marehemu ndugu yangu, amesema mbele ya watu kwamba nimemroga mwanawe. Jirani yangu Nyale alisemwa hivyo hivyo. Tulimzika mwaka jana, na mwili una majeraha ya mapanga."

Uchawi gani? Ni shamba la minazi la baba, alikozikwa mama! Kalume analitaka tangu babake mwenyewe afe. Nilitaka twende polisi siku ile ile. Baba akakataa. Akasema polisi hawatalala naye chumba kimoja.

Daktari alitoa vidonge vya kulegeza misuli, akaniambia wazi kuwa dawa yenyewe ni usingizi.

Basi baba akaipata dawa yake. Alimpigia Kalume simu mbele yangu, sauti ya chini: "Mwanangu, chukua shamba. Mimi sirudi." Nilipiga kelele, nikalia, hakunisikiza.

Sasa analala chali na kukoroma. Shingo inageuka, ugali anakula, piko ameacha, kichwa cheupe pepe. Amepona. Ila kila asubuhi, kabla ya chai, huniuliza swali lile lile: "Kahonzi, kaburi la mama yako nani atalipalilia?"