Betri Inahitaji Huduma

Simu ile nilimpa mama mimi mwenyewe, kwa hivyo kosa la kwanza ni langu. Nilikuwa nimeitumia miaka minne nikiichaji usiku kucha chini ya mto kama mtu asiye na akili, na siku nilipomkabidhi, afya ya betri ilikuwa asilimia sabini na nne. Nyumbani tunaongea Kikuyu, lakini simu nikaiweka Kiswahili ili asome mwenyewe bila kuniita kila dakika. Nilimwonyesha pale palipoandikwa afya. Akavaa miwani, akasoma, akafurahi.

“Sabini na nne! Hiyo ni kupita. Mimi nikienda hospitali hawanipatii hata hamsini.”

Nilimpa kwa sababu ya dada yangu mdogo, ambaye yuko ng'ambo na alikuwa na mimba ya mtoto wa pili, msichana tena. Mimi nikarudi kwenye mulika mwizi, ile simu ya vitufe na tochi. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na hilo lilikuwa limeshafanyika. Wa pili ni wa nyanya wa upande wa mama. Mimi nimezaa wavulana watatu, sina la kujitetea, kwa hivyo mama alikuwa amefika miaka sabini na mitatu bila mjukuu wa jina lake. Nyanya akipata wa jina lake, sisi husema amezaliwa. Wenzake wa kikundi cha kanisa walikuwa wamezaliwa wote, wengine mara nne, na hawakumwacha asahau. Dada aliahidi kwamba mtoto akishaoshwa tu, atapiga simu ya video kwa mama kabla ya mtu mwingine yeyote. Mama alitaka kujiona kwa macho yake mwenyewe.

Shida ni kwamba simu ilianza kuzima ikifika asilimia thelathini. Halafu ikawa arobaini. Nikasema Jumamosi nitaipeleka kwa fundi abadilishe betri. Jumamosi ikanikuta na rundo la sare za shule za kushona, nikasema ijayo. Nilisema hivyo Jumamosi sita.

Ikaja Julai, na baridi yetu ya Nyeri, ukungu mpaka saa sita mchana. Asubuhi simu ilikuwa inakataa kabisa kuwaka. Mama akagundua kwamba akiiweka kando ya jiko dakika tano, inaamka na asilimia zinapanda. Na ni kweli! Baridi huilegeza betri, joto huiamsha. Asichojua ni kwamba joto hilo hilo ndilo linaloimaliza. Siku moja niliingia jikoni nikaikuta simu juu ya kigoda, imefungwa shali, imeelekezwa kwa makaa kama mgeni aliyenyeshewa. Mimi nikikasirika majirani wote wanajua.

“Mama! Unaipika!”

“Siipiki, inaota moto. Na wewe ukiamka Julai unaota nini?”

Nikaangalia afya: sitini na moja.

Wiki mbili baadaye, Jumanne, niko kwenye cherehani mjini, nikapigiwa na nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, ya heshima, ikasema anapiga kutoka ile ofisi ya serikali tunakofuata vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Mama yangu yuko hapo, ni mzima, lakini tafadhali nije. Hilo la “ni mzima” sikulisikia. Nilitoka mbio na utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, na simu yangu nikaisahau mezani.

Nikamkuta mama kwenye benchi, amevaa koti la kanisa, ameshika simu kwa mikono miwili. Asubuhi hiyo ilikuwa imemwandikia: Betri inahitaji huduma. Na nani Nyeri hajui huduma hutolewa wapi, na neno lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya mlango wa ofisi ile? Alikuwa amepanga foleni zaidi ya saa nzima, akafika dirishani, akaiweka mbele ya karani. “Imesema inataka huduma. Nimeileta.”

Karani, yule yule aliyenipigia, alikuwa bado anapangusa machozi ya kicheko. “Shosho,” akasema, kama anamwita nyanya yake mwenyewe, “sisi hapa ni mambo ya vitambulisho. Betri hatuna.”

“Basi waandike vizuri,” mama akasema. “Wangeandika fundi, ningeenda kwa fundi.”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nilikuwa ndio nataka kuanza kumgombeza simu ilipolia mikononi mwake. Dada! Betri ilikuwa arobaini na tatu. Benchi nzima ikasogea karibu. Tukaona uso wa dada, umechoka na unameremeta. “Mama, umezaliwa!” Akageuza simu yake. Tukaona blanketi jeupe, kidole kimoja kidogo, picha ikaanza kupanda kuelekea usoni. Giza.

“Imeenda wapi?” mama aliuliza. Halafu, kwa sauti ya chini, “Nimeenda wapi?”

Karani alichomeka chaja yake. Ikatokea picha ya betri, ikapotea. Watu wakatutolea simu zao, Mungu awabariki, lakini nambari ya ng'ambo nani anaijua kwa kichwa? Mama alikunja shali lake vizuri, machozi yakamtoka, na mimi nikajichukia kwa zile Jumamosi zote sita.

Nikamshika mkono tukavuka barabara hadi kwa fundi, ghorofa ya pili. Alikuwa msichana mwenye miwani, mpole. Alipofungua simu, betri ilikuwa imefura kama andazi.

“Ngai! Hii ilikuwa inakaa wapi?”

“Kwa jiko,” mama akasema, polepole.

“Na chini ya mto wangu,” nikaongeza, maana nisingemwachia lawama zote.

Fundi akaanza kuibandua kwa uangalifu, kidogo kidogo. Mama alimsimamia begani. “Harakisha, mama yangu. Nimezaliwa nusu.”

Ilichukua kama nusu saa. Simu ikawaka, na kabla ya kitu kingine chochote mama akaniamuru nifungue pale pa afya. Akasoma kwa sauti, fundi na wateja wake wote wasikie: mia. Ndipo tukapiga.

Dada alishika mara moja, alikuwa amejaribu mara tisa. Na huyo hapo, mwekundu, amekunja uso, ngumi juu ya shavu, amekasirikia dunia nzima.

“Ni mimi kabisa,” mama akasema. “Ona vile amenuna!” Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mimi pia, na utepe wangu bado uko shingoni.

Niliinama karibu na kioo nikamwita yule mdogo kama inavyopasa kumwita mtoto mwenye jina la mama yako. “Mama!”

“Eh?” mama akaitika kando yangu.

“Si wewe. Naita mtoto.”

“Ni mimi,” akasema.